Kopo la Themostati

Northampton, 6 Oktoba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mama ananambia masikio yako sasa hayasikii hata honi ya lori, na kwamba ukipewa simu unaitikia "naam, naam" kisha unamrejeshea yeye, hujui hata nani alokuwa akisema. Basi nimetafuta kalamu. Hija wa mtaani kwetu anarudi nyumbani moja kwa moja baada ya miaka minane ya huku, nimempa barua hii na pakiti mbili za biskuti. Biskuti ni za Mama.

Sasa kaa kwanza. Umekaa? Nimenunua gari. Altezza ya mwaka 2001, nyeupe, injini yake ni 1G, ile ile ulokuwa ukiifungua kwenye Mark II za teksi. Siku za kazi inanipeleka hospitali, kwenye chumba changu cha dawa. Jumapili moja moja naipeleka kwenye uwanja wa mbio, na dereva ni mie mwenyewe. Usipandishe presha. Si barabarani. Hakuna mtu anayevuka wala ng'ombe, unavaa helmeti, mnaingia kwa zamu na kuzunguka, wala hakuna mshindi.

Tatizo langu ni oili. Nimefunga kipimo cha joto lake, na nikifika mzunguko wa tano kinasoma 139. Oili inakuwa nyepesi, presha inashuka, inabidi nitoke wakati wenzangu ndio kwanza wanachangamka. Nataka kuifungia rejeta yake yenyewe, ndogo, ya kupoza oili tu. Dukani wana kisahani kinachokaa baina ya filta na injini, kinaipeleka oili kwenye rejeta na kuirejesha. Vipo vya namna mbili. Kimoja kina themostati ndani, inaizuia oili isende kwenye rejeta mpaka kwanza ipate moto. Cha pili ni kitupu, oili inapita muda wote. Nichukue kipi?

Mafundi huku wapo, na kwenye mtandao maelezo yamejaa. Lakini injini hii mie nimeijua dirishani, kwa kukuangalia wewe ukifanya kazi gereji. Unakumbuka nlipokuwa na miaka kumi na mbili nkakuomba ovaroli kama ya kaka Samir? Ukanambia ovaroli hazishonwi kwa watoto wa kike. Mie sikuudhika. Haya, niliudhika, mwezi mzima. Yamepita hayo. Sasa nakuomba kitu kimoja tu, Baba: nifundishe.

Binti yako,
Riyama

*

Jang'ombe, 21 Oktoba 2024

Riyama,

Marahaba. Barua imefika nzima, biskuti zimefika nusu. Muulize Hija.

Nlipofika kwenye neno "mbio" nlivua miwani, nkaifuta, nkasoma tena. We mtoto! Nimekusomesha mpaka umekuwa mtu wa dawa, watu wananipa heshima kwa ajili yako, kumbe Jumapili unazunguka kama ngamia wa kinu! Mama yako kasoma juu ya bega langu. Kaenda jikoni, karudi, kauliza suala moja: hiyo helmeti inaingia na mtandio?

Lakini 139 ni nyingi. Injini ya 1G ni ngumu, haifi ovyo, ila kwa moto huo utaiua. Kwa hivyo sikiliza, na usifanye haraka.

Rejeta iweke mbele, nyuma ya bampa, inapopiga upepo. Isiguse rejeta ya maji, acha nafasi ya vidole viwili. Usiifunge chuma kwa chuma, itatikisika mpaka ipasuke. Kata mpira wa ndani wa baiskeli, tengeneza vipete vidogo, uvitie kila penye boliti. Mipira ya oili ipitishe mbali na ekzosi, na kila inapopita kwenye tundu la bati uivishe mpira mwengine uliopasuliwa kati, bati ni kisu. Filta ipake oili mpya kwenye gasketi, kaza kwa mkono tu. Rejeta nayo inakunywa oili, kwa hivyo ongeza kabla ya kuwasha. Kisha zungusha injini bila ya kuiacha iwake mpaka taa ya oili izime. Ikishazima, washa.

Ama kisahani, wala usijiulize mara mbili. Chukua kile kitupu. Themostati ni kizuizi tu. Mie tangu mwaka 1983, gari ikiingia hapa kwangu inachemsha, kitu cha kwanza naing'oa themostati ya maji naitia kwenye kopo la maziwa chini ya meza, na wenyewe wanakwenda zao wanashukuru. Fundi yeyote wa Unguja atakwambia hivi hivi. Unataka oili ipoe, kisha unamwekea bawabu mlangoni? Akili gani hiyo.

Yale ya ovaroli nlisema tu. Miaka ishirini unayo moyoni? Samir mwenyewe ovaroli yake kaiacha msumarini, yuko Jozani anawaonesha wageni kima.

Ukishafunga niandikie.

Babako,
Himid

*

Northampton, 17 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Nimeifunga! Mwenyewe, kwa mikono yangu, kwenye banda la jirani, Jumamosi mbili. Baridi ilikuwa kali hata spana zikinata vidoleni. Nilikuwa na barua yako juu ya boneti, imeshapata alama mbili za oili, moja juu ya neno "haraka". Nimeacha vidole viwili, vyangu si vyako, kwa hivyo nikaongeza kimoja. Vipete vya mpira wa baiskeli nimekata kumi na viwili. Jirani alikuja kutazama akasema hajapata kuona jambo hilo, nkamwambia huko kwetu hata mtoto anajua. Taa ya oili ilipozima nlikaa ndani ya gari nikalia kidogo. Usinicheke.

Kisahani nimechukua kitupu. Muuza duka alitikisa kichwa, akanambia kwa majira haya nichukue chenye themostati. Nikamjibu, nna fundi wangu, na fundi wangu kasema kitupu. Nlipenda nlivyosema "fundi wangu". Nimeendelea kulisema njia nzima ya kurudi nyumbani.

Naingia uwanjani Jumapili tarehe nane Disemba. Niombeeni dua. Na mwambie Mama helmeti inaingia na mtandio, ila uwe wa pamba na usiwe na shanga.

Binti yako,
Riyama

*

Jang'ombe, 3 Disemba 2024

Riyama,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeichukua Posta Shangani wiki iliyopita, nimeisoma pale pale nimesimama, mpaka mlinzi akanipa kiti akidhani nna msiba.

Sikukucheka. Na mie nlilia injini yangu ya kwanza ilipowaka, ila nlisingizia moshi.

Nimewahadithia wote hapa. Simai, yule mwenye teksi, hakuamini kuwa rejeta umeifunga wewe, nkamtolea barua akasoma mwenyewe. Sasa kila akipita anapiga honi, mie siisikii, ila namuona mkono. Zamani nikimaliza gari nilikuwa naijaribu mpaka Mtoni na kurudi, na nikirudi tu najua imepona au haijapona. Hii yako siwezi kuifikia. Kwa hivyo wewe ndiye sikio langu.

Basi nakutaka jambo moja. Ukishatoka uwanjani usiniandikie "nzuri". Nzuri ni neno la mwenye gari. Fundi anataka namba. Mzunguko wa kwanza kipimo kimesoma ngapi, wa tano ngapi. Niandikie namba.

Mama yako anakusomea dua kila sala.

Babako,
Himid

*

Northampton, 20 Disemba 2024

Baba,

Shikamoo. Natumai nyote hamjambo, na kwamba miguu ya Mama haivimbi tena. Mwambie vidonge anywe baada ya chakula, si kabla.

Gari imekwenda vizuri, alhamdulillahi. Siku ilikuwa nzuri, jua lilitoka japo kwa baridi, asubuhi ndoo ya maji ya kupangusia vioo ilikuwa imeganda yote, nkaipindua ikatoka kama keki. Watu walikuwa wengi. Rejeta ilikaa vizuri, haikutikisika hata kidogo, vipete vyako vyote kumi na viwili vimo.

Namba nilisahau kuziandika, mambo yalikuwa mengi. Usihangaike nazo.

Kazini tuna shughuli, wagonjwa wa mafua hawaishi. Asubuhi nangoja basi la saa kumi na mbili na nusu, giza totoro, nakumbuka chai yenu ya mdalasini. Wasalimie wote. Nitaandika tena nikipata nafasi.

Binti yako,
Riyama

*

Jang'ombe, 9 Januari 2025

Riyama,

Marahaba.

Umenidanganya.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Nlikwambia usiandike nzuri, umeandika nzuri mpaka ya jua. Nlikutaka namba, umesahau. Wewe, unayepima dawa kwa matone, umesahau namba? Na hilo basi la asubuhi linatoka wapi? Gari si ndiyo inakupeleka kazini? Mtu hangoji basi kwenye giza na gari yake nzima iko nyumbani.

Ila kilichonikaa zaidi ni ile ndoo. Nimemwita Hija, nkamuuliza, maji kuganda ndani ya ndoo, hiyo ni baridi ya namna gani? Akachukua ubao wangu wa kuandikiwa akaandika: "Mzee, huko asubuhi oili inakuwa kama asali." Mie maisha yangu yote sijapata kuwasha injini ya baridi. Hapa gari ikilala nje inaamka na joto.

Basi nimetoa themostati moja kwenye kopo, nimemuomba mama yako sufuria yake ya chai. Kanipa, kasimama kuilinda. Nkatia maji ya barafu, nkaizamisha. Ikakaa imefumba, kimya. Nkawasha gesi. Maji yalipoanza kutoa vipovu, ikafunguka, taratibu, peke yake, hapana alieigusa. Nkazima, nkatia barafu, ikafumba. Mama yako akasema, "Hebu tena." Tumeifanya mara nne. Miaka arubaini na mbili nazing'oa, Riyama, na sijapata hata siku moja kuitazama ikifunguka.

Kumbe haizuii kitu. Inangoja tu mpaka wakati wake.

Kwa hivyo najua nimekufanya nini. Oili yako haikupata moto, imekaa nzito, presha ikapanda, pahala pakashindwa. Filta au mpira, hilo ndilo sijui. Na wewe ulikuwa ndani.

Niambie ukweli. Umeumia?

Babako

*

Northampton, 26 Januari 2025

Baba,

Sikuumia. Wallahi sikuumia, hata kucha. Nimeanza na hilo ili upumue.

Mizunguko miwili ya mwanzo kipimo kilisimama 44. Nikajua hapo hapo. Ilinipasa nitoke, lakini nikafanya papara, nikaikanyaga mafuta ili ipate moto. Presha ikapanda mpaka mwisho wa kipimo, gasketi ya filta ikatoka ubavuni, oili yote ikamwagika chini ya tairi zangu mwenyewe. Gari ikateleza, ikazunguka mara moja na nusu, ikasimama kwenye majani. Nlizima, ila nilichelewa kidogo. Ilipokaguliwa, bearingi za chini zimeliwa mbili.

Sasa nikwambie lile lililonizidi. Mie nilijua, Baba. Kabla ya kufunga. Karatasi ya ndani ya boksi imeeleza kila kitu, na muuza duka kanieleza, na mie mtu wa kusoma karatasi za ndani ya boksi ndiyo kazi yangu. Nikaikunja. Maisha yangu yote nimesimama dirishani, na safari hii umenifungulia mlango. Ningekwambia vipi, siku ya kwanza tu ya kufundishwa, kwamba fundi wangu amekosea? Nikaona bora niharibu injini.

Na baada ya hapo nikadanganya, kwa kuwa niliogopa ukijua utaniacha. Nilijua utasema, ameshajua zaidi yangu, ananitakia nini. Nisamehe.

Injini nimeifungua mwenyewe. Bearingi mpya nshatia, na kisahani sasa ni chenye themostati. Vipete vyako na mipira yote imebaki kama ulivyosema, havikuwa na kosa lolote. Nimeandikisha kuingia tena Jumapili tarehe 23 Februari. Ukinambia nisende, siendi.

Riyama

*

Jang'ombe, 10 Februari 2025

Mwanangu Riyama,

Alhamdulillahi hukuumia. Mama yako alinipitishia kidole kwenye sentensi ile ya mwanzo mara tatu, ananigusa bega kila neno. Kisha kaingia ndani akakaa na mtandio wake usoni, na mie nimekaa naye. Leo kaamka anakutukana, kwa hivyo yuko salama.

Sasa nikwambie, na usome vizuri. Mwanafunzi anayemuona fundi wake anakosea akanyamaza, huyo hajamheshimu. Kamuacha peke yake na kosa lake. Mie nimeachwa na kosa hili tangu mwaka 1983, hapana hata mmoja alienambia. Wewe ndiye ungekuwa wa kwanza. Safari ijayo niambie, hata nikinuna. Nitanuna. Niambie vile vile.

Hapa watu wananiona nimepata wazimu. Nazirudisha. Namwita mtu mmoja mmoja, alete gari, nimtilie themostati yake, simtaki kitu. Simai kaandika kwenye ubao: "Mzee Himid, mwaka 2009 ulinambia huyu adui, leo ushapatana naye?" Nkamwambia, adui nilikuwa mie. Kacheka mpaka akakaa chini. Kabla sijaitia naichemsha kwanza kwenye sufuria, isiyofunguka naitupa. Mama yako hataki tena kuisikia habari ya ile sufuria, kashanunua nyengine.

Lakini kuna tabu. Kila themostati imepigwa namba ya joto lake, ndogo kama mguu wa sisimizi, na mie hata kwa miwani siioni. Zimebaki hamsini na kitu kwenye kopo. Samir alikuja Ijumaa kutoka Jozani nkampa anisomee, kasoma sita akasinzia. Nataka mtu wa kusoma vitu vidogo, na mwenye mkono wa fundi. Simjui mwengine zaidi ya wewe.

Ndiyo maana jana nilikwenda kwa Mize, fundi cherehani. Nimekata kitambaa cha buluu, kile kizito, mifuko sita, zipu ya chuma. Nimemwambia ni ovaroli ya mwanangu wa kike. Akafikiri masikio yameniharibu na ulimi, nkamwambia tena. Mama yako anasema hiyo nguo gani ya Idi, nimemwambia ndiyo hiyo.

Nlikosea mara mbili kwako, Riyama. Themostati ni kosa la kutojua. Lile la ovaroli nlilijua. Nilikuwa nakuona pale dirishani, kila siku, nikaona haya mbele ya wenzangu. Hilo ndilo kubwa, na ndilo nnaloliombea msamaha.

Mize anataka vipimo. Nkamsimamisha mama yako, si mmefanana, lakini mwenyewe kasema mabega yako umechukua yangu. Yangu hayafai kupimwa tena, yameinama. Kwa hivyo sina pa kukupimia.

Uwanjani nenda. Piga mizunguko miwili ya pole mpaka ipate moto, kisha fanya utakavyo. Niandikie namba za oili, na niandikie namba za mabega. Na usinidanganye, kama umenenepa sema.

Babako,
Himid

*

Northampton, 2 Machi 2025

Baba,

Shikamoo, na Ramadhani njema.

Mzunguko wa kwanza, 63. Wa pili, 79. Wa tatu, 86, nikauona mshale umesimama kidogo, nikajua imefunguka, nikaikumbuka sufuria. Wa tano, 98. Wa kumi, 104. Wa kumi na tano, 104. Haikupanda tena. Presha haikucheza. Nimezunguka mpaka wametufukuza.

Mabega, inchi kumi na saba. Mkono, ishirini na tatu. Kifua, thelathini na nane. Kiuno, thelathini na nne, na Mama asiseme kitu. Mguu wa ndani, ishirini na tisa. Mwambie Mize aniwekee mikono mirefu, nitarudi nayo huku kwenye baridi.

Msamaha umeshaupata, Baba. Nimekaa na barua yako kwenye ngazi za banda na mara hii sikusingizia moshi.

Tikiti nshakata. Nnafika Alkhamisi tarehe ishirini, tutafuturu pamoja kumi la mwisho na tutasali Idi. Zile themostati alizokusomea Samir endelea nazo. Zilizobaki kwenye kopo niwekee mie.

Mwanafunzi wako,
Riyama